Mama Paipu Ajibu: Inchi Si Hoja

Barua za safari hii karibu zote ni za paipu za chuma cha kaboni, zile mafundi wetu wanaziita paipu nyeusi. Sishangai. Ingia duka lolote la vyuma kuanzia Lusaka Road hadi Enterprise Road, swali la kwanza utakaloulizwa ni "inchi ngapi?" na la pili ni "unataka ngapi?" Hakuna anayeuliza ndani kutapita nini, kwa presha gani, kwa joto gani. Nimekagua vyuma Industrial Area ya Nairobi tangu nikiwa msichana wa stoo ndani ya ovaroli ya kuazima, na msimamo wangu haujabadilika: inchi ndiyo habari ndogo kuliko zote kuhusu paipu.

*Habari Mama. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana Kariobangi Light Industries. Mteja mwenye kiwanda cha krispi ameniletea paipu za inchi 2 nimuungie laini ya mafuta ya moto ya kupashia mashine ya kukaangia. Ubavuni zimeandikwa ASTM A106/A53/API 5L GR.B, kisha SCH 40, kisha HEAT NO. na tarakimu. Paipu moja inapataje majina matatu? Halafu nilipotia kidole ndani nimehisi mwinuko mwembamba ulionyooka, unaingia ndani mpaka kidole kinapoishia. Ni feki? — Binti wa Kariobangi*

Binti, majina matatu hayana neno. Kidole chako ndicho kimeona jambo.

Tuanze na majina. GR.B ni daraja B la chuma, na SCH 40, yaani skedyuli 40, ni namba ya unene wa ukuta. A53 ni kiwango cha Kimarekani cha paipu za kazi za kawaida: maji, hewa, mvuke wa presha ya kadiri. Kinakubali aina tatu: F, ambayo kingo zake zimebanwa zikaungana kwa joto la tanuri; E, ambayo ni bati lililokunjwa na kuchomelewa kwa umeme; na S, isiyo na mshono. A106 ni kiwango cha kazi za joto kali, na chenyewe mshono hakiutambui kabisa. Paipu yake hutoka kwenye gogo la chuma lililopashwa hadi likawa jekundu, likatobolewa katikati na kuvutwa. API 5L ni kiwango cha watu wa mafuta na gesi, cha laini za masafa marefu. Sasa daraja B katika vyote vitatu linadai nguvu zinazokaribiana sana: chuma kikivutwa kisianze kurefuka bila kurudi kabla ya megapaskali 240 hivi, na kisikatike kabla ya 415. Kwa hiyo kiwanda kinatengeneza paipu moja isiyo na mshono, kinaipima kwa masharti magumu zaidi kati ya hayo, kisha kinaandika majina yote ili kiweze kuiuza kwa wateja wa kila namna. Ni halali, na utaiona sana.

Lakini A106 yenye mshono haipo duniani. Kama ule mwinuko ni mshono kweli, basi ulicho nacho, ukibahatika, ni A53 aina ya E, na neno A106 limeandikwa na mtu mwenye kopo la rangi na haraka ya kuuza.

Usimrukie mteja kwanza. Hakikisha. Kata ncha iwe safi, chukua vanya, kile kipimo cha taya cha milimita, upime unene wa ukuta sehemu nne kwa mzunguko. Paipu iliyotobolewa kutoka kwenye gogo haikosi kuegemea upande: hapa utapata milimita 3.7, upande wa pili 4.1. Iliyokunjwa kutoka kwenye bati huwa na ukuta wa unene mmoja mzunguko mzima, isipokuwa pale penye mshono. Ukitaka uhakika zaidi, sugua ile ncha kwa msasa laini hadi ing'ae, kisha upake asidi ya nitriki kidogo sana iliyochanganywa na spiriti. Mtu wa maabara akuchanganyie, usijaribu mwenyewe jikoni, na uvae glavu na miwani. Baada ya muda mfupi mstari wa mshono utajitokeza kwa rangi tofauti. Paipu isiyo na mshono itabaki na rangi moja.

Halafu dai cheti cha kiwanda, na ukisome. Kinachofaa ni kile kilichoandikwa EN 10204 aina ya 3.1, ambapo matokeo ni ya mzigo huo huo na yametiwa sahihi na mkaguzi asiyekuwa chini ya idara ya uzalishaji. Aina ya 2.2 inasema tu kwamba kiwanda hupima bidhaa za namna hiyo, haisemi lolote kuhusu paipu iliyo mbele yako. Ile HEAT NO. ni namba ya mkupuo mmoja wa chuma kilichoyeyushwa pamoja. Namba iliyo kwenye karatasi isipokuwa ndiyo iliyo kwenye paipu, hiyo karatasi ni ya paipu nyingine, hata kama ina mihuri ya rangi tatu.

Na kuna kitu kimoja wauzaji wengi hawakijui, na wanaoghushi wanakisahau. Teremka kwenye safu za kemia, tafuta Si, yaani silikoni. A106 inataka angalau asilimia 0.10. A53 haiweki kiwango hicho cha chini. Ukikuta cheti kinajiita A106 huku silikoni ni 0.02, funga faili urudishe mzigo. Kaboni nayo kwa daraja B isizidi 0.30.

Mafuta ya kupashia hukimbia kwenye nyuzi 250 na zaidi, na yakivuja juu ya kitu cha moto hayasubiri kiberiti. Usiwashe mashine yako bado. Piga picha za ncha, za maandishi na za vanya ikionyesha vipimo, mtumie mteja kwa WhatsApp, na akujibu kwa maandishi. Siku utakapopata paipu halali, nakili ile namba kwa kalamu ya rangi kwenye kila kipande kabla hujakata. Mafundi wengi hukata upande wenye maandishi, na vipande vilivyobaki vinakuwa watoto wasio na baba.

*Mama, natunza stoo ya kiwanda hapa Industrial Area. Tuliagiza paipu za inchi 2, skedyuli 40, za A53. Nimepima nje nikapata milimita 60, si 50. Ukuta ni 3.5 kila nilipopima, na jedwali letu linasema 3.91. Bosi anadhani nataka kumkosanisha na muuzaji wake. Nani amekosea? — Mtunza stoo*

Milimita 60 ni sawa kabisa. Inchi 2 ya paipu ni jina tu. Zamani lilikaribia kipenyo cha ndani, wakati kuta zilikuwa nene. Kuta zilipopungua unene, kipenyo cha nje kiliachwa pale pale ili nyuzi za kufungia na viungio vya zamani viendelee kuingia. Kwa hiyo inchi 2 ni 60.3 kwa nje, inchi 4 ni 114.3, inchi 6 ni 168.3, iwe nene au nyembamba. Kuanzia inchi 14 ndipo jina na kipenyo cha nje hupatana: 355.6, inchi 14 kamili. Ile laini ya kwanza ya mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kazi 1978, ilikuwa ya inchi 14, na hapo mtu wa tepu hana cha kulalamika.

Huo ukuta ndio wenye hadithi. Kiwango kinamruhusu mtengenezaji kupungua asilimia 12.5 mahali popote, yaani 3.91 inaweza kushuka hadi 3.42. Muuzaji wako atakuonyesha hesabu hiyo na kukwambia 3.5 imepita. Nawe mwambie mpime uzito. Kanuni yake ni rahisi: toa unene wa ukuta kwenye kipenyo cha nje, zidisha kwa unene, kisha zidisha kwa 0.02466, upate kilo kwa mita. Skedyuli 40 ya inchi 2 ni kilo 5.44 kwa mita, kwa hiyo urefu wa mita 6 ni kilo 32.6. A53 inaruhusu upungufu wa asilimia 10, yaani isishuke chini ya kilo 29.4. Paipu yenye 3.5 mzunguko mzima na urefu mzima inakuja kwenye hizo hizo 29.4. Inapita kwa ncha ya ukucha. Ingekuwa A106 ingeanguka, maana huko upungufu unaoruhusiwa ni asilimia 3.5 tu, kama kilo 31.5.

Sasa nikwambie ninachoshuku. Hakuna kiwanda kinacholenga 3.91 kikapata 3.5 kila mahali bila kupanda wala kushuka. Hicho ni chuma kilicholengwa kuwa 3.6, nao 3.6 ndio ukuta wa daraja la kati la kiwango cha Kiingereza BS 1387, ambacho siku hizi ni EN 10255. Uliuziwa "medium" kwa jina la skedyuli 40. Tazama karibu na ncha kama kuna mabaki ya mkanda wa rangi, hata kama umepakwa nyeusi juu: kahawia ni nyepesi, buluu ni ya kati, nyekundu ni nzito. Medium si paipu mbaya, maji na hewa inabeba miaka mingi. Ila ina bei yake, na hiyo siyo bei mliyolipa. Mpelekee bosi mizani, usimpelekee maneno.

*Mama Paipu, nina dobi ya mashine Ruaraka, tunafulia hoteli na zahanati. Boila yetu inafanya kazi kwa bar 7. Laini mpya ya mvuke ni mita 30. Nina kotesheni tatu za inchi 2: medium nyeusi, skedyuli 40 yenye mshono, na skedyuli 40 isiyo na mshono ambayo bei yake imenikosesha usingizi. Fundi wangu ameapa kwamba nikichukua yenye mshono italipuka. Nifanyeje? — Baba Dobi*

Baba, lala. Fundi wako ana nia njema lakini anaogopa pasipo na simba.

Chukua skedyuli 40, nje 60.3, ukuta 3.91. Presha ya bar 7 inauvuta ukuta huo kwa megapaskali 5.4 hivi. Chuma chenyewe hakianzi kuregea hadi 240. Hata wahandisi wanaoheshimu kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ambao huuhesabu mshono wa umeme kuwa na asilimia 85 ya nguvu za ukuta mzima, hawapati cha kuogopa hapo. Kwa nguvu peke yake, hata medium inatosha. Ndiyo maana nasema swali la mshono, kwako wewe, si swali kubwa. Kipande kimoja tu sikigusi: kutoka kwenye boila hadi valvu kuu. Hapo fuata mchoro wa mtengenezaji wa boila bila kubishana, maana mkaguzi anayekuja chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ataanzia hapo.

Laini za mvuke za dobi huharibiwa na mambo mengine, tena nimeyaona yale yale Ruaraka, Baba Dogo na Kariobangi.

La kwanza ni nyuzi za kufungia. Mafundi wetu wanapenda kukata nyuzi na kufunga soketi kwa uzi wa katani na rangi. Nyuzi za inchi 2 huingia ndani milimita 1.48. Ukikata medium ya 3.6, chini ya nyuzi umebakiwa na 2.1, na ndipo kutu huanzia. Kwa mvuke chomelea, na pale panapohitaji kufunguliwa weka flanji. Ukilazimika kukata nyuzi, kipande hicho kiwe skedyuli 80, ambayo ukuta wake ni 5.54.

La pili ni kurefuka. Mvuke wa bar 7 una joto la karibu nyuzi 170. Laini yako ya mita 30, ikitoka kwenye baridi ya asubuhi ya Nairobi hadi hapo, itarefuka kama milimita 54. Hizo ni vidole vitatu vya chuma vinavyotafuta pa kwenda. Ukiifunga kwa klampu za kubana pande zote mbili, itasukuma ukuta wa jengo au itapasua mchomeleo kwenye kona, kisha fundi atalaumu mshono. Acha kona ya umbo la U katikati, na stendi ziwe za kuteleza isipokuwa zile chache za kushikilia. Laini iteremke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mvuke unakokwenda, na mwisho wake kuwe na trapu, kifaa cha kutoa maji bila kupitisha mvuke. Ule mlio wa nyundo mnaousikia mkiwasha asubuhi ni maji yaliyolala kwenye paipu yakirushwa na mvuke, na hiyo ndiyo hupasua valvu.

La tatu, ambalo hakuna kotesheni hata moja kati ya hizo tatu iliyolitaja, ni laini ya kurudisha maji ya mvuke uliopoa. Hewa ya ukaa iliyotoka kwenye maji ya boila huyeyuka humo na kuyafanya asidi nyepesi. Hukata mfereji sakafuni mwa paipu, taratibu, kwa ndani, huku juu rangi iking'aa. Siku ukiona tundu la sindano, jua mita kadhaa zimekwisha kuwa karatasi. Hapo ndipo ningeweka pesa zangu. Chukua skedyuli 40 yenye mshono, A53 daraja B, kwa ajili ya mvuke, na ile tofauti ya bei ya isiyo na mshono uinunulie skedyuli 80 ya laini ya kurudi. Na mwite mtu wa dawa za boila apime maji yako, kwa sababu hata skedyuli 80 hailali na asidi kila usiku ikaamka salama.

*Nina paipu za GI zilizobaki kwenye mradi wa maji. Naweza kuzitumia kwa mvuke? Fundi anasema zina nguvu kuliko nyeusi kwa sababu zina koti. — Msomaji, Embakasi*

Hapana. Hilo koti ni la zinki na ni la kuzuia kutu ya maji baridi na mvua, haliongezi nguvu. Kwenye maji ya moto kupita nyuzi 60 kazi yake huanza kugeuka, na kwenye maji ya mvuke huliwa na kwenda kuziba trapu na vichujio. Halafu ukilichomelea linatoa moshi mweupe ambao jioni utakutetemesha kwa homa kama ya malaria. Maziwa mnayokunywa kabla ya kuchomelea GI ni chakula kizuri, lakini hayazuii kitu. Saga zinki yote pande mbili za mchomeleo, kaa penye upepo, vaa barakoa ya moshi wa chuma. Paipu zako ziuze kwa mtu wa kisima.

*Mama, kontrakta mwenzangu Athi River ananiuzia paipu za inchi 6 zilizobaki kwenye kazi ya mafuta, API 5L X52, nifanyie laini ya maji ya kuzimia moto. X52 si bora kuliko B?*

Ina nguvu zaidi, ndiyo. Namba baada ya X ni maelfu ya paundi kwa inchi ya mraba ambayo chuma huvumilia kabla ya kuregea, yaani 52 ni megapaskali 360 hivi, na B ni 240. Lakini nguvu hiyo hutumiwa na wenye laini ndefu ili wanunue ukuta mwembamba, na maji ya kuzimia moto hula ukuta bila kujali ni X gani. Pima unene kabla ya kuuliza bei. Inchi 6 ya skedyuli 40 ni 7.11. Ukikuta 4.8, chuma chako kitakuwa na nguvu nyingi na maisha mafupi, tena haitakubali kuchongwa mifereji ya viungio vya kubana. Na kabla ya kuchomelea, mwonyeshe mchomeleaji cheti. Vijiti vya X52 na joto lake havichaguliwi kwa mazoea.

*Nilinunua paipu kuukuu za boila kwa mtu wa vyuma chakavu, nifunge hewa ya kompresa kwenye gereji yangu Ngara, bar 8. Soketi za inchi 2 zinapwaya, za inchi moja na nusu haziingii. Shida ni soketi? — Gereji Ngara*

Soketi hazina kosa. Ulichonunua ni tyubu za boila, si paipu. Tyubu hupimwa kwa nje, kwa hiyo tyubu ya inchi 2 ni milimita 50.8 kamili. Soketi ya inchi 2 inasubiri 60.3, na ya inchi moja na nusu inasubiri 48.3. Yako imeangukia katikati na haitapata mwenza dukani. Wala usijaribu kuijazia mchomeleo ili ikae. Hiyo tyubu imetolewa kwenye boila kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu ni vishimo ndani usivyoviona kwa tochi. Maji yakipasua paipu hulowanisha watu na presha inakufa hapo hapo. Hewa ya bar 8 hutanuka na kurusha vipande. Nunua medium mpya, ya mkanda wa buluu, funga laini iwe na mteremko na koki ya kutoa maji kwenye kila kona ya chini, na hizo tyubu mchomelee mtu lango la gereji.